Je, Ni Halali Kufurahia Kosa la Mwenzio?

Wahenga walituachia methali mbili zinazofanana. Moja yasema, "Kufa kufaana." Ya pili yasema, "Vita vya panzi, furaha ya kunguru." Zote mbili zataja jambo tunaloliona kila siku, ya kuwa hasara ya mtu mmoja mara nyingi huwa faida ya mwingine. Lakini tukizitazama vizuri, twaona ya kuwa methali hizi zatuambia mambo yalivyo tu. Hazituambii mambo yapasavyo kuwa. Kunguru hufurahi, hilo ni kweli. Lakini mtu si kunguru. Mtu amepewa akili ya kupambanua, na kwa hiyo hana budi kujiuliza: faida hii niliyoipata kwa kuwa mwenzangu ameanguka, je, ni halali niifurahie? Na kama ni halali, niifurahie kwa namna gani?

Swali hili si geni katika nyumba zetu. Mtoto hurudi kutoka shuleni akipiga vigelegele kwa kuwa amekuwa wa kwanza, na ukimwuliza sana utasikia ya kuwa yule aliyekuwa wa kwanza siku zote aliugua siku ya mtihani. Karani hupandishwa cheo kwa sababu mwenzake alikosea hesabu. Mwenye duka huona wateja wakiongezeka tangu duka la jirani lilipoungua moto. Hao wote hawakumdhulumu mtu. Walakini kila mmoja wao akiwa peke yake usiku, husikia ndani yake furaha ambayo asingependa jirani yake aione.

Tumeona vema leo kulichunguza swali hili kwa mfano wa mbali, kwa maana mambo ya mbali mara nyingi huonekana wazi kuliko yale yaliyo karibu na macho. Mfano wetu ni maisha ya mchezaji mmoja wa Uswidi, Bibi Anette Norberg, aliyepata medali mbili za dhahabu katika Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi. Ya kwanza aliipata kwa jiwe alilolitupa yeye mwenyewe. Ya pili aliipata kwa jiwe ambalo mpinzani wake alilikosea.

Mchezo wenyewe huitwa kalingi. Asili yake ni Uskoti, nao huchezwa juu ya barafu. Uwanja ni ukanda mwembamba, urefu wake yapata meta 45 na upana wake hauzidi meta 5. Mwisho wa ukanda huo pamechorwa duara kubwa, na katikati ya duara pana kiini. Kila timu ina watu wanne, na kila mtu ana mawe mawili ya itale yaliyosuguliwa yakawa laini, yenye mpini juu yake. Uzito wa jiwe moja hukaribia kilo 20. Mchezaji huinama, hulisukuma jiwe na kuliachia, nalo huteleza taratibu likijipinda njiani. Wenzake hukimbia mbele ya jiwe wakisugua barafu kwa fagio zao, ili liende mbali zaidi wala lisipinde mno. Mawe yote 16 yakiisha kutupwa, mzunguko mmoja umekwisha. Timu ambayo jiwe lake limelala karibu zaidi na kiini ndiyo peke yake ipatayo pointi. Mizunguko ni 10, na timu zikiwa sawa huongezwa mmoja wa kukata shauri.

Msomaji ataona mara moja ya kuwa katika mchezo wa namna hii jiwe la mwisho lina thamani kuliko yote, kwa sababu hakuna jiwe jingine la kulijibu. Kwa desturi hutupwa na nahodha. Basi nahodha huubeba mzigo ambao wenzake hawawezi kumpokea: mawe yote yaliyotangulia yaweza kuwa mazuri, lakini lile la mwisho likikosea, watu hawatakumbuka mengine.

Bibi Norberg alizaliwa mwaka 1966. Kwao ni Härnösand, mji mdogo wa pwani upande wa kaskazini wa Uswidi. Kazi yake ilikuwa hesabu za bima, yaani kupima hatari na kukadiria hasara zinazoweza kuwapata watu. Mwaka 1988 alitwaa ubingwa wa Ulaya kwa mara ya kwanza, kisha ikambidi angoje miaka 13 kabla ya kuupata tena, mwaka 2001. Tangu hapo timu yake iliutwaa mfululizo hata mwaka 2005, na tena mwaka 2007. Walikuwa wanawake wanne: yeye nahodha, Eva Lund, Cathrine Lindahl ambaye ni ndugu yake wa damu, na Anna Svärd, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Anna Le Moine. Mwaka 2005 walikuwa mabingwa wa dunia, na mwaka 2006 vivyo hivyo. Alipoingia Olimpiki ya mwaka huo wa 2006, Bibi Norberg alikuwa na umri wa miaka 39, umri ambao katika michezo mingi watu wamekwisha kustaafu.

Olimpiki hiyo ilikuwa ya Torino, Italia, mwaka 2006, na kalingi ilichezwa katika mji wa Pinerolo. Katika fainali Uswidi ilikutana na Uswisi, iliyoongozwa na Mirjam Ott. Mizunguko 10 ilikwisha timu zikiwa sawa, ukaongezwa wa 11. Jiwe la mwisho lilikuwa la Bibi Norberg, na ili ashinde ilimpasa kuyaondoa mawe mawili ya Uswisi kwa jiwe lake moja. Alilitupa, nalo likayaondoa yote mawili. Uswidi 7, Uswisi 6. Juu ya ushindi wa namna hiyo hatuna swali kubwa la kuuliza. Tendo lilikuwa lake na matunda yakawa yake.

Miaka minne ilipita. Tarehe 26 Februari 2010, wanawake wale wale wanne walisimama tena katika fainali ya Olimpiki, safari hii mjini Vancouver, nchini Kanada, mbele ya umati wa Wakanada wenyewe. Wapinzani wao walikuwa timu ya Kanada, na nahodha wake alikuwa Cheryl Bernard. Katika mzunguko wa 10 Kanada ilikuwa mbele na jiwe la mwisho lilikuwa lake. Lakini jiwe hilo lilikosea, na Uswidi ikasawazisha. Ukaongezwa mzunguko wa 11. Jiwe la mwisho likawa tena mkononi mwa Bibi Bernard, na kazi aliyotakiwa kuifanya ilikuwa ile ile aliyoifanya Bibi Norberg miaka minne nyuma: kuyaondoa mawe mawili ya mpinzani kwa jiwe moja. Hakufaulu kuyaondoa yote mawili. Uswidi 7, Kanada 6. Kwa hiyo timu ya Bibi Norberg ikawa ya kwanza katika mchezo huo kutetea medali ya dhahabu ya Olimpiki, na jiwe lililowapa heshima hiyo lilitupwa na mkono wa mpinzani.

Haya, ndugu wasomaji, tuuangalie ushindi huu wa pili. Wako watakaosema: "Huo si ushindi wa kweli. Ni bahati tu, na mtu mwenye heshima asingeufurahia." Maneno haya yana sura ya unyenyekevu, lakini hayana haki. Kwa maana yale mawili ambayo Bibi Bernard alitakiwa kuyaondoa hayakuanguka kutoka mbinguni. Yaliwekwa pale na Waswidi, moja baada ya moja, kwa ustadi wa miaka mingi. Kama yangalikuwa yamewekwa vibaya, kazi ya mwisho ingalikuwa nyepesi. Mwenye kumtia mwenzake katika mtihani mgumu kwa njia iliyo halali ana sehemu yake katika matokeo. Tena, mshindi akisema, "Medali hii si yangu, nimeipata kwa kosa lako tu," hamtukuzi aliyeshindwa. Amzidishia fedheha, kwa maana amwambia ya kuwa mchezo wote wa siku ile haukuwa na maana isipokuwa lile kosa lake.

Wako na wengine watakaosema kinyume: "Mchezo ni mchezo. Aliyekosea amekosea. Shangilia upendavyo, maana kesho watakushangilia wewe." Hawa nao wana sehemu ya ukweli, lakini wamechanganya mambo mawili yapasayo kutengwa. Kufurahia faida niliyoipata ni jambo moja. Kufurahia anguko la mwenzangu ni jambo jingine. Mambo haya huja pamoja, kwa saa moja na kwa mlango mmoja, na ndiyo sababu ni rahisi kuyadhani ni kitu kimoja. Mtu aweza kujipima kwa swali hili: "Kama ningaliweza kukipata kitu hiki bila mwenzangu kuumia, je, ningalichagua hivyo?" Akijibu "Ndiyo" kwa moyo mweupe, furaha yake ni ya faida. Akiona ya kuwa faida hiyo ingalipungua utamu bila machozi ya mwenzake, basi na ajue ya kuwa amekwisha kuonja kitu kingine, ambacho jina lake ni kijicho.

Watu wa kalingi waliitambua hatari hii tangu zamani, nao wakaiwekea desturi. Katika mchezo huo si adabu kushangilia kosa la mpinzani. Jiwe zuri hupongezwa, hata likiwa la adui. Jiwe baya hupokewa kwa kimya. Mchezo huanza kwa kupeana mikono na huisha kwa kupeana mikono. Timu ionayo ya kuwa haiwezi tena kushinda huvua glavu na kutoa mkono, isimpotezee mwenziwe wakati. Mchezaji akiligusa kwa ufagio au kwa mguu jiwe linalokwenda, hangoji mwamuzi amshike. Yampasa yeye mwenyewe atangaze. Na katika vilabu vingi, baada ya mchezo, ni desturi ya walioshinda kuwanunulia walioshindwa kinywaji cha kwanza, kisha wote huketi pamoja. Kanuni za mchezo zataja wazi ya kuwa mchezaji wa kweli ni heri ashindwe kuliko kushinda kwa hila.

Labda mtu atauliza: "Je, huo si unafiki? Mtu anyamaze kwa nje, na ndani ya moyo anacheza ngoma?" Swali ni zuri. Twajibu ya kuwa adabu haimfanyi mtu kuwa mwema kwa siku moja, lakini ni shule. Mtoto hufundishwa kusema "Ahsante" kabla hajajua shukrani ni nini. Akiisha kulisema neno hilo mara elfu, siku moja hulisema kwa moyo. Vivyo hivyo aliyezoea kuunyamazisha mkono wake usipige makofi wakati mwenzake anakosea, hujipatia nafasi fupi ya kumtazama huyo mwenzake na kuuona uso wake. Kelele za furaha huufunika uso huo, kimya huufunua. Na mtu akiisha kuuona uso wa aliyekosea, huona uso wake mwenyewe, kwa maana hakuna mchezaji asiyewahi kukosea.

Hapo ndipo tunapofika kwenye kiini cha jambo. Jiwe la Pinerolo na jiwe la Vancouver zilikuwa kazi za aina moja. La kwanza lilifika, la pili halikufika. Katika kazi ngumu kama hiyo, mbele ya macho ya ulimwengu, tofauti ya kufaulu na kukosa ni ndogo mno, chini ya upana wa kiganja. Ingewezekana kabisa mwaka 2006 jiwe la Bibi Norberg lipite kando, na dhahabu iende Uswisi. Je, angalikuwa mchezaji hafifu kwa ajili hiyo? Hasha. Ustadi wake ungalikuwa ule ule, na miaka yake ya mazoezi ile ile. Basi na Bibi Bernard hakuwa hafifu. Aliifikisha timu yake kwenye fainali ya Olimpiki, akarudi na medali ya fedha. Na mwaka 2018 alikwenda tena Olimpiki, huko Pyeongchang, akiwa mchezaji wa akiba wa timu ya nchi yake. Kumhesabu mtu kwa jiwe lake la mwisho peke yake, na kuyasahau mawe yote yaliyomfikisha hapo, ni dhuluma, ingawa hufanywa kila siku na watu wasiodhani wanadhulumu.

Lakini tusiishie kwenye barafu, kwa maana kati ya mchezo na maisha iko tofauti moja kubwa ambayo yatupasa kuifikiri. Waingiao mchezoni wamekubaliana. Kila mmoja ajua ya kuwa mmoja atashinda na mwingine atashindwa, na ameridhia hivyo kabla ya jiwe la kwanza kutupwa. Tena kilichopotea ni mchezo tu: aliyeshindwa atakula chakula chake jioni na atalala nyumbani mwake. Ndiyo maana halali ya kufurahi mchezoni ni pana. Lakini yule jirani ambaye duka lake limeungua hakukubaliana na mtu yeyote kushindana na moto. Yule mtoto aliyeugua siku ya mtihani hakuridhia ugonjwa. Na yule karani aliyekosea hesabu ana watoto wanaongoja mshahara. Kama hata mchezoni, penye maafikiano na penye hasara ndogo, watu wameona haya kushangilia kosa la mwenzao, sisi tutasema nini juu ya furaha yetu mahali ambapo hasara ni mkate wa mtu?

Hatusemi mwenye duka awafukuze wateja wapya, wala mtoto aikatae nafasi ya kwanza. Faida iliyokuja kwa njia halali ni halali kupokelewa. Lakini twasema ya kuwa faida ya namna hiyo huja na deni. Fikirini kazi ya bima, ile aliyoifanya Bibi Norberg alipokuwa mbali na barafu. Msingi wake ni kwamba wengi ambao hawakupatwa na msiba huchangia kumwinua mmoja aliyepatwa, kwa kuwa hakuna ajuaye kesho itakuwa zamu ya nani. Na kile kinywaji ambacho mshindi wa kalingi amnunulia aliyeshindwa, kwa udogo wake, chatoka katika shina hilo hilo. Mshindi akiri ya kuwa leo imekuwa kwake, na kesho yaweza kuwa kwa mwenziwe. Basi mwenye duka aliyeongezewa wateja na moto wa jirani, na ampelekee jirani yake mkono wa msaada, tena upesi, kabla faida hiyo haijamzoeza kuupenda moto. Mtoto aliyekuwa wa kwanza na apeleke daftari zake nyumbani kwa mwenzake aliyeugua. Karani aliyepandishwa cheo na asiwe wa kwanza kusimulia kosa la mwenzake. Afadhali awe wa mwisho.

Wazazi wana kazi yao hapa, na kazi hiyo haifanyiki kwa hotuba. Watoto hujifunza kwa kusikia tunavyozungumza mezani. Baba akileta habari ya anguko la mtu fulani, na uso wake umeng'aa, watoto wamekwisha kupata somo, hata kama kinywa chake chasema, "Maskini!" Methali isemayo, "Asiyekubali kushindwa si mshindani," huwafundisha watoto wetu adabu ya kushindwa, na ni vizuri. Lakini adabu ya kushinda ni ngumu zaidi, nayo twaifundisha mara chache. Aliyeshindwa hutazamwa na watu wote, na haya humsaidia kujizuia. Aliyeshinda hana wa kumzuia ila yeye mwenyewe.

Baada ya Vancouver wenzake wa zamani waliachana, na Bibi Norberg aliunda timu mpya. Mwaka 2011, mjini Esbjerg, nchini Denmark, akiwa na umri wa miaka 44, aliiongoza timu hiyo kutwaa ubingwa wa dunia, wa tatu katika maisha yake. Katika orodha ya ushindi wake medali zile mbili za Olimpiki zimeandikwa kwa namna moja, nayo haionyeshi ya kuwa moja ililetwa na jiwe lake na ya pili na jiwe la mwingine. Katika maisha yetu pia watu huiona faida, wala hawaulizi ilikujaje. Sisi wenyewe ndio tujuao ni ipi tuliyoichuma kwa mikono yetu, na ni ipi iliyotujia kwa sababu mwenzetu aliteleza. Heri yake yule akumbukaye tofauti hiyo, na ambaye, akiisha kupokea kilicho chake, hugeuka na kumtolea mkono aliyesimama upande wa pili.